Mwezi ni mmoja, mbona bahari hujaa mara mbili kwa siku?

Kaa Tanga, Unguja au Lamu siku mbili tu utaona: bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kesho yake kila kitu kinachelewa kwa dakika 50 hivi. Kuchelewa huko ndiko kunakomtaja mhusika, kwa sababu mwezi nao, kwa wastani, huchelewa kuchomoza kwa kiasi hichohicho. Wavuvi na kina mama wanaosaka pweza miambani huhesabu bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa tarehe za mwezi na hawakosei, bila kumhitaji Newton. Hadi hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza kwenye kwa nini. Jibu la kijiweni, na mara nyingi la darasani, ni kwamba mwezi unayavuta maji, basi yanapanda. Linasikika limekamilika mpaka uanze kuhesabu. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, kwa hiyo kila pwani hupita chini ya mwezi mara moja. Maji yangejaa mara moja. Yale ya pili, yanayokuja wakati mwezi uko upande wa pili wa dunia, chini ya nyayo zetu, nani anayavuta?

Jibu hilo lina kasoro nyingine mbaya zaidi. Jua linaivuta dunia kwa nguvu inayokaribia mara 180 ya ile ya mwezi. Kama kuvutwa ndiko kujaa, basi jua ndilo lingetawala bahari, na wavuvi wangeangalia saa ya ukutani badala ya mwezi. Lakini mchango wa jua katika kujaa na kupwa haufiki hata nusu ya mchango wa mwezi. Halafu kuna hilo neno "kupanda". Nguvu inayoyainua maji yaliyo moja kwa moja chini ya mwezi ni kama sehemu moja kati ya milioni 9 ya uzito wake. Kwa kipimo hicho, mtu wa kilo 70 mwezi ukiwa utosini anapungua miligramu 8. Huwezi kuinua bahari kwa bei hiyo.

Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto kati ya sehemu moja na nyingine. Chukua mchakamchaka wa asubuhi shuleni. Wa mbele anakimbia kasi kidogo, wa katikati kasi ya wastani, wa nyuma anajikokota. Wote wanaelekea upande mmoja. Lakini muulize wa katikati anaona nini: atakwambia mwenzake wa mbele anamwacha, na wa nyuma anazidi kubaki. Kwake yeye mstari unarefuka pande zote mbili, ingawa hakuna aliyemsukuma wa nyuma arudi alikotoka. Sasa weka maji ya upande wa mwezi mbele, dunia yenyewe katikati, na maji ya upande wa pili nyuma. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, na toka katikati ya dunia hadi usoni mwake ni kilomita 6,400 hivi, tofauti inayotosha kuwapa wakimbiaji kasi tatu. Maji ya mbele yanatangulia, ya nyuma yanaachwa. Ndiyo mara mbili hizo.

Jua nalo linawakimbiza wote kwa nguvu kubwa, ila karibu sawasawa, kwa kuwa liko umbali wa kilomita milioni 150, na kwenye umbali huo zile kilomita 6,400 si kitu. Mstari haurefuki sana. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja tukapata bamvua. Katikati ya hapo hupingana, tukapata maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote, ni mstari mfupi mno, ndiyo maana hakuna anayesubiri maji yajae Mwanza. Na wanaosema mwezi mpevu huvuruga akili kwa sababu mwili wetu ni maji, watafute sababu nyingine: toka utosini hadi unyayoni hakufiki hata mita mbili na nusu.

Maji yenyewe hayapandi wima. Nguvu hii ndogo, mahali pengi, inaelekea pembeni, nayo huyatelezesha maji kidogo kidogo katika maelfu ya kilomita za bahari mpaka yarundikane.

Hapa lazima nipunguze sifa. Ile picha ya vitabuni, dunia iliyozungukwa na maji yaliyotuna pande mbili na kuelekea mwezini, usiipeleke ufukweni. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi hufika utosini karibu na saa sita, lakini Unguja maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri. Wimbi refu namna hiyo, katika bahari yenye kina cha kilomita 4, hukimbia kama kilomita 700 kwa saa. Dunia kwenye ikweta inazunguka kwa kilomita 1,670. Maji hayawezi kuufuata mwezi hata yakitaka, na bara la Afrika limesimama njiani. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alilishughulikia hilo kwa hesabu nzito tangu miaka ya 1770: mwezi hutoa msukumo mara mbili, kisha umbo na kina cha kila bahari huamua saa na kimo. Unguja bamvua hufikia karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Ghuba ya Fundy, Kanada, hufikia 16. Saa za kila bandari hupatikana kwa kupima pale pale kwa muda mrefu, ndipo majedwali ya mbele yakokotolewe.

Na huko Do Son, Vietnam, maji kwa kawaida hujaa mara moja tu kwa siku. Jibu la kijiweni lingepata maksi zote huko, kwa sababu isiyo sahihi.