Je, wajua kwa nini mchezaji wa briji huthubutu mbele ya slamu ndogo, lakini hujizuia mbele ya slamu kuu?

Swali hili lilizuka Milimani, hapa Kisumu, barazani kwenye nyumba ambako watu wanne hukutana jioni kucheza briji. Kijana aliyekuwa akitazama ni hodari wa kadi, ule mchezo wetu wa kutangaza "niko kadi". Alimwona mama mmoja akianza na kopa 3 ilhali ana mfalme wa kopa mkononi. "Mama, si utampoteza huyo mfalme bure?" Mama alifanya sawasawa kabisa, na sababu yake iko kwenye hesabu.

Kwa asiyeujua mchezo: karata ni 52, wachezaji wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja ana karata 13. Kila mtu huweka karata moja, ya aina iliyoanza (shupaza, kopa, uru au maua) kama anayo, iliyo kubwa inakula, na hizo nne ni fungu moja. Mafungu yote ni 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, ambapo upande mmoja huahidi kula mafungu kadhaa na kutaja turufu, yaani aina inayokata nyingine zote. Kuahidi mafungu 12 ni slamu ndogo, yote 13 ni slamu kuu. Zawadi yake ni nono: pointi 500 au 750 za ziada kwa ndogo, 1,000 au 1,500 kwa kuu. Anayeketi kushoto kwa mwenye mkataba, yaani anayecheza kuitimiza ahadi hiyo, ndiye anayeanza, na akishaanza ndipo mwenzi wa mwenye mkataba anapofunua karata zake zote mezani. Kwa hiyo karata ya kwanza huchezwa ukiwa umeona 13 zako tu na kuusikia mnada.

Kuivunja slamu ndogo kunahitaji mafungu mawili, si moja. Hapo ndipo uoga unapogharimu. Wapinzani waliofika huko kwa kawaida wana aina moja ndefu, yaani yenye karata nyingi, na wakishaondoa turufu zenu wataitumia kutupia karata zao mbovu. Ukicheza kwa usalama, unawapa muda wa kufanya hivyo. Fungu lenu la pili lazima liandaliwe mapema, kabla mwenzako hajala lile la kwanza.

Tuutazame mkono wa mama. Alikuwa na shupaza 8 na 4, mfalme wa kopa pamoja na 9, 6 na 3, uru 7, 5 na 2, na maua 10, 9, 8 na 4. Wapinzani walikuwa wameahidi mafungu 12, turufu ikiwa shupaza, na katika mnada upande wa karata za kufunuliwa ulikuwa umetaja uru. Maua 10 inavutia, kwa kuwa haiharibu kitu. Lakini mezani zilifunuliwa uru tano zinazoongozwa na ree, mfalme, malkia na ghulamu. Mwenzi wa mama alikuwa na ree ya shupaza na malkia wa kopa. Mwenye mkataba alikuwa na kopa tatu: ree, 8 na 5.

Angeanza na maua, mwenye mkataba angekula, akacheza turufu, akapoteza fungu moja kwa ree ya shupaza. Hata kopa ikirudishwa wakati huo, angeila kwa ree yake, akamaliza turufu zilizobaki, kisha akazitupa kopa 8 na 5 juu ya uru. Mafungu 12, slamu imetimia. Kwa kopa 3, mambo yaligeuka. Malkia wa mwenzi aliilazimisha ree ya kopa itoke mara moja. Mwenye mkataba alipogusa turufu, ree ya shupaza ikala, kopa ikarudi, na mfalme wa mama akala la pili. Hata angekimbilia uru kwanza, mama angekata ile ya nne kwa turufu yake ndogo.

Hatari ipo, sikatai. Kama mwenye mkataba angekuwa na ree na malkia wa kopa pamoja, mama angemzawadia fungu. Ila mara nyingi slamu ya namna hiyo ingetimia hata hivyo, kwa hiyo hasara ni ndogo kuliko faida.

Slamu ndogo isiyo na turufu ni habari nyingine. Ree huhesabiwa pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, jumla 40 kwa karata zote. Wanaofika huko kwa nguvu za karata kubwa kwa kawaida wana takriban 33. Zinabaki 7, na kama wewe unazo 5 au 6, mwenzako hana kitu cha kukusaidia. Hapo kuanza chini ya mfalme ni kujitoa kafara. Anza na mfululizo kama 10, 9, 8, au aina ambayo huna kitu ndani yake.

Slamu kuu huvunjwa na fungu moja tu. Huna la kuandaa, una la kulinda. Turufu ndogo huwa salama mara nyingi, isipokuwa ukiwa na moja pekee, maana inaweza kumfichua ghulamu au malkia wa mwenzako.

Sheria zote hizi huwekwa kando mwenzako akiipiga slamu dabo, yaani akitangaza mnadani kuwa hesabu ya mkataba iongezwe maradufu. Mmarekani Theodore Lightner alilipendekeza jambo hili mwaka 1929. Dabo ya namna hiyo husema: usianze kwa kawaida, nitafutie aina ambayo sina hata karata moja, nikate kwa turufu. Mara nyingi ni ile aina ya kwanza iliyotajwa na upande unaofunua karata. Kama katika mnada ule mwenzi wa mama angepiga dabo, kopa 3 ingebaki mkononi na uru ndogo ndiyo ingeanza.