Kuipa sauti msimbo ili sensa ya umbali isikosee

Ile sensa ya macho mawili, HC-SR04, ya kupima umbali kwa sauti, ambayo karibu kila anayeanza Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki unayoipangia programu) anayo, ukiifunga juu ya tanki la maji utaona namba zinacheza, mara sentimita 82, mara 83, mara 81, na maji yametulia kabisa. Wengi wanakimbilia kuchukua wastani wa vipimo kumi, inasaidia kiasi ila haigusi chanzo, na chanzo ni namna sensa inavyoamua kwamba mwangwi umefika.

Iko hivi. Inatoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio halisikii, mitetemo 8 tu, kama maikrosekunde 200 hivi, halafu inasubiri sauti igonge kitu irudi. Muda huo ukizidisha na spidi ya sauti, mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, ukagawa kwa 2, umepata umbali. Sasa shida ni kwamba mwangwi hauji kwa kishindo, unapanda polepole, na saketi inasema "umefika" pale nguvu yake inapovuka kiwango fulani kilichopangwa. Mwangwi wenye nguvu utavuka mapema, ule dhaifu utavuka mtetemo mmoja au miwili baadaye, na kila mtetemo ni maikrosekunde 25, yaani milimita 4 na kitu za umbali, zimepotea hivyo hivyo! Halafu kelele yoyote ya masafa yale yale, kama upepo wa breki za lori au sensa nyingine jirani, nayo inavuka kiwango na inahesabiwa kuwa mwangwi.

Ndo hapo msimbo unapoingia. Badala ya kutoa mlio mtupu unautoa kwa mpangilio unaoujua mwenyewe, ni kama kupiga hodi kwa mdundo mliokubaliana, aliye ndani anakutambua hata kama nje kuna fujo. Mpangilio maarufu ni wa mtafiti aitwaye Barker, alioutoa mwaka 1953, wenye vipande 13: vitano vya kujumlisha (+), viwili vya kutoa (-), viwili vya kujumlisha, halafu kutoa, kujumlisha, kutoa, kujumlisha. Kipande cha kutoa maana yake wimbi limegeuzwa, lilipokuwa linapanda sasa linashuka.

Kwenye kupokea hutasubiri tena kiwango kivukwe, unarekodi kila kilichoingia halafu programu inauburuza ule mpangilio juu ya rekodi hatua kwa hatua, kila mahali inazidisha na kujumlisha. Vikilingana sawasawa jumla ni 13, vikipishana hata kipande kimoja jumla haizidi 1, kwa hiyo unapata kilele kimoja kimechongoka na hicho ndo muda wa mwangwi. Mimi hapa ndo napapenda zaidi, kwa sababu mwangwi dhaifu unapunguza urefu wa kilele lakini hausogezi mahali pake, na kelele isiyo na mdundo ule inajifuta yenyewe kwenye kujumlisha. Sensa zikiwa nyingi kwenye roboti moja kila moja unaipa msimbo wake, GPS inatenganisha satelaiti zake kwa njia hiyo hiyo, kwa misimbo ya mtafiti mwingine, Gold, ya 1967.

Gharama ipo. Kile kidude cha kutetemeka ni kizito kubadilika, ukigeuza wimbi ghafla hakifuati, kwa hiyo kila kipande kinahitaji mitetemo kadhaa. Ukiweka 4, vipande 13 vinachukua milisekunde 1.3, na muda wote huo kipokeo kimezibwa na sauti yako mwenyewe, kwa hiyo kitu kilicho chini ya sentimita 22 hukioni vizuri. Na HC-SR04 yenyewe haikubali, mitetemo yake 8 imeshapangwa ndani, itabidi ununue vidude vya kutoa na kupokea peke yake pamoja na bodi inayosoma haraka, zaidi ya mara 80,000 kwa sekunde, bodi ya Raspberry Pi Pico inaweza, Arduino Uno kwa analogRead ya kawaida (amri yake ya kusoma volti) haifiki hata karibu.

Ila usisahau joto. Kwenye nyuzi 30 sauti inaenda kama mita 349, ukibaki na 343 yako, kwenye mita 3 unakosea zaidi ya sentimita 5 na msimbo hauwezi kurekebisha hilo hata kidogo, kwa hiyo sensa ya joto ifunge kwanza, ndo uhangaike na msimbo.