Nani ana haki ya kumfundisha Homeri?

Waliopita seminari wanaijua sentensi hii hata kabla ya kumjua aliyeiandika: Athene ina nini na Yerusalemu, Akademia (shule ya Plato) ina nini na Kanisa? Ni maneno ya Tertuliani wa Karthago, aliyeandika kwa Kilatini karibu na mwaka 200. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba Wakristo wa mwanzo waliipa kisogo elimu ya Kigiriki, huitaja hiyo basi mjadala umekwisha. Nafundisha historia ya Kanisa la karne za kwanza, na insha isiyokuwa nayo huwa naiweka pembeni niisome kwa raha.

Tatizo la sentensi hiyo ni kwamba imeng'olewa ilipoota. Iko katika sura ya 7 ya kitabu ambacho Tertuliani aliandika dhidi ya wazushi, na pale anatafuta walikoyatoa mafundisho yao. Valentino, anasema, alikuwa mfuasi wa Plato. Mungu wa Marsioni katoka kwa Wastoiko, kundi jingine la wanafalsafa. Kinachomkera ni Ukristo uliochovywa katika mfumo wa mwanafalsafa fulani mpaka ukabadilika rangi. Hasemi kwamba Mkristo asisome. Tena yeye mwenyewe, alipoandika juu ya roho, alimtaja Seneca kuwa "mara nyingi ni wetu", na hoja yake kwamba roho ni kitu chenye mwili aliichota moja kwa moja kwa hao hao Wastoiko.

Ukitaka kujua aliionaje elimu ya Kigiriki na Kirumi, achana na Athene na Yerusalemu, ufungue kitabu chake kuhusu ibada ya sanamu, sura ya 10. Pale anajiuliza swali la mtu anayetafuta riziki: je, Mkristo anaweza kuwa mwalimu wa shule? Anatuingiza darasani. Mwalimu huyo atalazimika kutaja miungu, majina yao, nasaba zao na ngano zao. Atashika sikukuu zao, maana kipato chake kimefungwa humo. Ada ya kwanza ya mwanafunzi mpya inawekwa wakfu kwa Minerva, mungu wa kike wa elimu. Kwa hiyo Tertuliani anakataa: Mkristo asifundishe. Kisha anageukia mwanafunzi na kulegeza. Tutakataaje masomo ya kidunia, anauliza, wakati bila hayo masomo ya kimungu hayawezekani? Mtoto aende. Akiwa anaijua imani yake, atakuwa kama mtu aliyepewa sumu na asiyejua, naye akaitambua asiinywe.

Kusoma ruhusa, kufundisha marufuku. Naomba msomaji aiweke hiyo akilini, maana miaka mia na sitini baadaye kuna mtu ataitoa amri ileile, neno kwa neno karibu, naye alikuwa adui wa Kanisa.

Kabla hatujafika kwake, tusipite kimya mbele ya walioongea kwa sauti nyingine. Yustino, mzaliwa wa Flavia Neapoli huko Samaria (leo Nablus), aliendelea kuvaa joho la kifalsafa baada ya kubatizwa. Simulizi lake la kuhamahama kutoka mwalimu hadi mwalimu lina ucheshi ambao wahubiri huuacha: Mstoiko hakuwa na la kumwambia juu ya Mungu, mfuasi wa Aristotle alidai malipo mapema, mfuasi wa Pythagoras akataka kwanza ajifunze muziki, nyota na jiometri. Yustino ndiye aliyethubutu kuandika kwamba wote walioishi kwa kufuata Neno (Logos) walikuwa Wakristo, hata kama waliitwa wasioamini Mungu, akimtaja Sokrates na Heraklito. Aliuawa Roma karibu mwaka 165, na aliyemhukumu, Junius Rusticus, alikuwa mwanafalsafa wa Kistoiko aliyemfundisha Kaisari Marcus Aurelius. Klementi wa Aleksandria akaja kusema kwamba falsafa iliwalea Wagiriki kuelekea kwa Kristo kama Torati ilivyowalea Waebrania.

Hayo yanajulikana. Mimi huvutiwa zaidi na Origene, msomi Mkristo wa Aleksandria, kwa sababu alikaa kwenye kile kiti chenyewe ambacho Tertuliani alikikataza. Baba yake aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 202, mali ikataifishwa, na kijana huyo wa miaka kama 17, mwenye mama na wadogo sita wa kulisha, akafundisha sarufi, yaani Homeri na washairi wenzake wa Kigiriki wa kale. Baadaye aliamua kubaki na mafundisho ya dini tu, akauza vitabu vyake kwa mapatano ya kulipwa oboli nne (sarafu ndogo) kwa siku. Ukidhani hapo aliachana na Wagiriki, msikilize Porfirio, mpinzani mkali wa Wakristo: aliandika kwamba Origene aliishi kama Mkristo, lakini mawazo yake juu ya Mungu na ulimwengu yalikuwa ya Kigiriki. Ilikuwa lawama, lakini ni lawama ya mtu aliyemsoma vizuri.

Sasa tuje kwa Juliani, ambaye vitabu vyetu humwita Mwasi na kumaliza habari zake kwa aya moja. Alikuwa mtoto wa ndugu yake Konstantino Mkuu kwa baba. Alilelewa Mkristo, akasoma Maandiko kanisani kama msomaji, huku akifundishwa Homeri na mtumwa mwaminifu, Mardonio. Mwaka 355 alikuwa mwanafunzi Athene wakati mmoja na Basili na Gregori wa Nazianzo, waliokuja kuwa maaskofu mashuhuri. Mwishoni mwa 361 akawa Kaisari peke yake na kutangaza wazi kwamba anaiabudu miungu ya kale.

Tarehe 17 Juni 362 alitoa sheria fupi. Mwalimu azidi wengine kwanza kwa tabia, kisha kwa ufasaha. Aidhinishwe na baraza la mji, na jina lake lipelekwe kwa Kaisari. Wakristo hawatajwi popote. Ni waraka wake uliofuata ndio unaofunua makali. Hoja yake ni hii: Homeri, Hesiodi, Herodoto na Demosthene waliamini kwamba miungu ndiyo iliyowaongoza katika elimu. Mtu anayesimama kuwafafanua huku akiidharau miungu hiyo anafundisha asichokiamini ili apate mshahara. Huyo si mwaminifu. Basi achague: ama aache kufundisha, ama aende kwenye makanisa ya Wagalilaya (ndivyo alivyowaita Wakristo) akawafafanue Mathayo na Luka. Watoto wa Wakristo hawazuiwi kuja kusoma, kwa kuwa si haki kumfungia njia njema mtoto ambaye bado hajajua aelekee wapi.

Kusoma ruhusa, kufundisha marufuku. Tertuliani na Juliani wamekutana.

Na hapa sitaki kumdhulumu Juliani. Hoja yake ina uzito. Aliona kitu ambacho wasomi wengi wa Kikristo wa siku zake walikuwa hawajajiuliza: kwamba mashairi yale hayakuwa mazoezi ya lugha tu, yalikuwa maandiko ya watu walioomba na kutoa sadaka. Ukimfundisha mtoto wimbo wa kumwita Apolo kisha ukamwambia Apolo hayupo, umefundisha nini? Ila dawa aliyoichagua ilikuwa ya kuwaua Wakristo taratibu. Elimu ya balagha, ufundi wa kusema na kushawishi, ndiyo iliyokuwa lango la uwakili, utumishi wa serikali na heshima ya mjini. Wazazi Wakristo wangebaki na chaguo mbili: kuwatoa watoto shule, au kuwakabidhi kwa walimu waliochujwa na Kaisari. Ammianus Marcellinus, askari na mwanahistoria ambaye hakuwa Mkristo na aliyempenda Juliani kuliko watawala wote aliowaandikia, aliiita sheria hiyo ya kikatili, inayostahili kuzikwa katika ukimya wa milele.

Walioguswa waliitikia kila mmoja kwa namna yake. Roma, Marius Victorinus, mwalimu wa balagha aliyekwisha kusimamishiwa sanamu uwanjani na aliyebatizwa uzeeni, aliacha shule, Augustino anatusimulia. Athene, Prohaeresio, ambaye inasemekana Basili na Gregori walikaa darasani kwake, alipewa msamaha na Juliani aendelee. Kwa maelezo ya Jeromu, aliukataa, akaondoka.

Laodikia ya Siria kulitokea jambo ambalo hunichekesha na kunisikitisha pamoja. Apolinari wawili, baba mwalimu wa sarufi na mwana mwalimu wa balagha, waliamua kwamba kama Homeri amechukuliwa, watatengeneza Homeri wao. Historia ya Waebrania hadi enzi ya Sauli ikatungwa upya kwa mizani ya Homeri, katika vitabu 24 kama Iliadi. Yakafuata maigizo kwa mtindo wa Menander na Euripide. Injili zikaandikwa kwa majibizano kama ya Plato. Sisi tuliolelewa na tenzi za habari za mitume hatushangai kuona kisa kitakatifu kikivikwa mizani. Lakini kushindana na Homeri kwa agizo la dharura ni shughuli nyingine. (Hawa ndio walewale waliowahi kutengwa na askofu wao kwa sababu walikwenda kumsikiliza msomi mpagani akisoma wimbo wa kumsifu Dionisio, mungu wa divai. Mapenzi yao kwa Wagiriki yalikuwa ya siku nyingi.)

Juliani alifariki vitani Uajemi tarehe 26 Juni 363, na mapema mwaka 364 walimu wakaruhusiwa kurudi. Kazi za Apolinari zikapotea. Sokrates wa Konstantinopoli, mwanahistoria wa karne ya 5 na si yule aliyekunywa sumu, anasema zilikuwa kana kwamba hazijaandikwa. Hakuwa na majonzi. Maandiko Matakatifu, anaeleza, hayafundishi mbinu ya kujadiliana, na adui hushindwa vizuri kwa silaha zake mwenyewe. Anamtaja Paulo, aliyenukuu watunga mashairi wa Kigiriki. Na kweli, ule mstari ambao kila mzazi Mkristo kwetu humtupia kijana wake, kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema, wanazuoni wa leo wanautambua kuwa ni wa Menander, mwandishi wa maigizo ya kuchekesha.

Jibu kali kuliko yote lilitoka kwa Gregori, katika hotuba mbili dhidi ya Juliani zilizoandikwa muda mfupi baada ya kifo chake. Zina matusi ambayo sitayarudia. Lakini katikati yake anapiga hoja ya umiliki. Kama kila kitu kibaki kwa aliyekianza, basi Wagiriki warudishe herufi kwa Wafoinike, na Kaisari avue joho la zambarau, maana zambarau ni ya Watiro. Anakiri kwamba mali, ukoo na sifa aliviacha kwa ajili ya Kristo; ufasaha wa maneno ndio pekee aliobaki ameushika. Ukimsoma Gregori, unaona anavyomwaga Homeri na Plato katika kila ukurasa wa kumlaani mtu aliyetaka kumnyang'anya Homeri na Plato.

Basili alikuwa mtulivu zaidi. Maandishi yake kwa vijana kuhusu vitabu vya Kigiriki yamefanywa kuwa wimbo wa kuisifu elimu huria, na hapo nadhani tunamwongezea. Anawaambia wawe kama nyuki, asiyetua kila ua wala habebi ua zima. Anawaambia pia wazibe masikio mashairi yanaposimulia uzinzi wa miungu. Anachotafuta kwa Hesiodi, Homeri na hadithi ya Herakle kwenye njia panda ya wema na uovu ni maadili, si uzuri wa tungo. Lakini cha kutazama ni kile ambacho hakukipendekeza: mtaala mwingine. Shule ilibaki ileile.

Ushahidi wa hilo tunao mkononi. Kuna daftari la mwanafunzi wa Misri, la karne ya 4, lililoandikwa kwenye mafunjo na linaloitwa na wataalamu Bouriant 1. Mtoto ameanza na maneno ya silabi moja, akaenda mbili, tatu, nne, mengi yakiwa majina ya watu wa ngano za kale. Kisha visa vya mwanafalsafa Diogenes: alipomwona inzi mezani pake alisema, hata Diogenes analisha kupe! Kisha mistari ya hekima ya Menander, na mwishoni utangulizi wa hekaya za Babrio. Ni somo lilelile ambalo babu yake mpagani angelisoma. Tofauti ni alama ya Kristo iliyochorwa juu ya kurasa.

Baadaye silaha ya Juliani iligeuzwa. Chini ya Kaisari Yustiniano sheria ikakataza kufundisha kwa wale wenye "ugonjwa" wa dini ya Wagiriki, na mwaka 529 amri ikapelekwa Athene kusimamisha masomo ya falsafa. Hoja ya zamani ilirudi, ikiwa mikononi mwa upande wa pili: imani ya mwalimu ndiyo inayotoa ruhusa. Damaskio, mkuu wa shule ya Athene, na wenzake wakahamia kwa mfalme wa Uajemi kwa muda. Aleksandria hali ilikuwa laini zaidi. Mwaka huohuo Yohane Filoponi, Mkristo, aliandika kumpinga mwanafalsafa mpagani Proklo juu ya umilele wa ulimwengu, akitumia zana za Aristotle. Na Olimpiodoro, ambaye hakubatizwa, alikuwa bado akifundisha falsafa mjini humo katika miaka ya 560, wanafunzi wengi waliokaa mbele yake wakiwa Wakristo.