Kusoma nasaba za wafalme na maabati wa Ireland ya kale

Nasaba za kale za Ireland humtaja abati (mkuu wa monasteri) wa tisa wa kisiwa cha Iona, Uskoti, hivi: Adomnán mac Rónáin maic Tinni maic Áeda maic Coluim maic Sétnai maic Fergusa maic Conaill. "Mac" (au "maic") ni mwana wa. "Ua" ni mjukuu wa, kisha likaja kumaanisha mzao yeyote. Wingi wake ni "Uí". "Cenél" ni mbari. Angalia miisho: jina likitanguliwa na mac hubadilika, Rónán akawa Rónáin, Conall akawa Conaill. Asiyelijua hilo hujikuta ana watu wawili kumbe ni mmoja.

Columba, aliyeanzisha monasteri ya Iona mwaka 563, alikuwa mwana wa Fedelmid, mwana wa Fergus huyo huyo. Fergus naye ni mjukuu wa Niall, aliyezaa ukoo wa kifalme wa Uí Néill. Kwa hiyo Columba ni kilembwe wa Niall, na maabati wengi wa mwanzo wa Iona walitoka mbari yake, Cenél Conaill. Mrithi wa mwanzilishi aliitwa comarba, na damu ya mwanzilishi ilitangulia wengine katika urithi huo.

Kwenye ufalme, tawi lililokaa vizazi vitatu au vinne bila kutoa mfalme lilififia. Ndiyo maana waandishi walishawishika kuunganisha matawi yasiyohusiana, na ndiyo maana nasaba isipopimwa haifai kuaminiwa.

Pima kwa vizazi. Kizazi kimoja huchukua miaka 25 hadi 35 hivi. Kutoka kwa Fergus, Columba ni hatua ya pili na Adomnán ya sita. Columba alizaliwa karibu na 521, Adomnán karibu na 628: miaka 107 kwa hatua nne, yaani kama 27 kila moja. Hesabu inakubali.

Sasa mpime Niall. Masimulizi ya kale yanaweka kifo chake mwaka 405. Kitukuu wake, mfalme Diarmait mac Cerbaill, alifariki 565. Miaka 160 kwa hatua tatu ni zaidi ya 53 kila hatua, jambo gumu mno kulisadiki. Tatizo si lazima liwe majina yaliyoruka. Tarehe ya Niall ndiyo iliyosogezwa nyuma, na inafaa kumweka katikati ya karne ya 5.

Armagh, kanisa la Mtakatifu Patrick kaskazini mwa Ireland, inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ukoo wa Clann Sínaich ulishikilia urithi wa Patrick tangu karne ya 10 hadi ya 12, na warithi wake kadhaa walikuwa watu wenye wake, wasio na daraja la upadri. Cellach, aliyerithi mwaka 1105, ndiye aliyepokea daraja hilo, akawa askofu mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukikuta "comarba wa Patrick" wa ukoo huo kabla yake katika Tarihi za Ulster, yaani kumbukumbu za kale za matukio ya kila mwaka, usimwandike askofu; mtafute askofu wa wakati huo kwa jina lake.