Je, wajua kwa nini kukosa vitamini ya majani huzifanya chembe za damu kuwa kubwa?

Mjini Dodoma, anayelalamika kizunguzungu huelekezwa haraka kwenye glasi ya juisi ya rozela au bitiruti, kwa hoja kwamba kinachofanana na damu huongeza damu. Hoja hiyo haina msingi. Wekundu wa rozela hutokana na rangi ya mimea iitwayo anthosianini, ambayo haina undugu na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni na inayopata wekundu wake kutokana na madini chuma. Rozela ina vitamini C, nayo husaidia utumbo kufyonza madini chuma ya mboga na nafaka, kwa hiyo glasi hiyo haiendi bure. Ila rangi yake haihusiki. Bitiruti nayo ina folati, yaani vitamini B9, ndiyo ile ya majani, lakini asidi ya foliki, ambayo ndiyo folati ya vidonge, ni unga wa njano.

Dhana nyingine, iliyo karibu zaidi na ukweli, ni kwamba upungufu wa damu ni kukosa madini chuma tu. Hiyo ni sababu kubwa, ila si pekee. Anayekosa madini chuma huwa na chembe nyekundu ndogo na zilizopauka, ilhali anayekosa folati huwa na chembe chache lakini kubwa kupita kiasi: wastani wa kawaida wa ujazo ni femtolita (kipimo kidogo mno cha ujazo) 80 hadi 100, na zake huvuka 100.

Ukubwa huo unatoka wapi? Tuseme kijana wa Kigogo anataka kuhama tembe, yaani nyumba ya jadi, la baba yake na kujenga lake, lenye boriti zilezile. Folati si boriti bali ni mkokoteni unaozileta, moja baada ya nyingine. Katika seli, mzigo wenyewe ni atomu moja ya kaboni, inayohitajika kutengeneza mojawapo ya herufi nne za DNA, maandishi ya urithi ambayo seli lazima iyanakili kabla ya kugawanyika. Mkokoteni ukikosekana, tembe jipya halikamiliki na kijana hahami, lakini mavuno yanaendelea kuingia, kwa sababu kutengeneza himoglobini na protini nyingine hakusubiri boriti hizo. Tembe la zamani linafurika. Vivyo hivyo, seli ndani ya uboho, kiini laini cha mifupa kinachotengeneza damu, hunenepa bila kugawanyika, na nyingi hufa kabla ya kuingia kwenye damu.

Aliyefungua njia ya ugunduzi wa folati ni daktari Mwingereza Lucy Wills, ambaye mwaka 1931 alieleza jinsi dondoo ya hamira ilivyowatibu wajawazito wenye upungufu wa damu huko Bombay. Mwaka 1941 asidi ya foliki ilipatikana kutoka kwenye majani ya spinachi.

Folati ni dhaifu mbele ya mwanga na moto, na huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Kwa hiyo mlenda uliokaushwa juani, akiba ya kiangazi katika nyumba nyingi za Dodoma, haulingani na ule mbichi, ingawa kiasi kinachopotea hutegemea namna ya kukausha na muda wa kuhifadhi. Kunde hufidia vizuri: gramu 100 zilizopikwa zina takriban mikrogramu 200, nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Mjamzito huhitaji zaidi, ndiyo maana kliniki humpa vidonge vyenye madini chuma na asidi ya foliki pamoja.

Vitamini B12, ya maziwa, mayai, nyama na maini, ndiyo inayoupakua mkokoteni. Ikikosekana, folati hukwama na mzigo wake, na chembe huwa kubwa vilevile. Hapo vidonge vya asidi ya foliki huleta mikokoteni mipya na damu hurejea, lakini mishipa ya fahamu, inayoitegemea B12 kwa kazi nyingine, huendelea kuharibika kimyakimya. Kwa sababu hiyo daktari anayekuta chembe kubwa hutaka kwanza kujua hali ya B12 kabla ya kuandika asidi ya foliki peke yake, kwani madhara ya muda mrefu kwenye mishipa hiyo huenda yasiondoke hata baada ya matibabu.