Je, Wajua Kwa Nini Mchanga wa Kuchanganya na Epoksi Lazima Uwe Mkavu Kabisa?

Fundi aliyezoea saruji haogopi mchanga wenye unyevu, kwa kuwa saruji yenyewe hukomaa kwa maji. Mchanga ukiwa umelowa, yeye hupunguza maji ya kuchanganyia na kazi ikaendelea. Akishika epoksi, yaani ile gundi ya sehemu mbili inayotumika kurudishia kingo za ngazi zilizomeguka na mashimo ya sakafu za zege, mazoea hayo humharibia kazi.

Epoksi haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukutani, bali hukaza kwa mmenyuko wa kikemikali kati ya sehemu zake mbili, resini (gundi yenyewe) na kigumishi (kinachoifanya ikaze). Ili ishike mchanga, ni lazima itandae juu ya kila chembe, na chembe iliyokwisha kuvikwa utando wa maji huizuia gundi isiifikie. Zaidi ya hayo, vigumishi vingi ni vya jamii ya kemikali ziitwazo amini, ambazo zikikutana na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani huacha utando unaoteleza kama nta. Ndiyo maana kiraka kinaweza kuonekana kizima kwa juu, kisha ukikikwaruza kwa ncha ya msumari, chembe zikapukutika.

Mchanga wenyewe hauwekwi kwa ajili ya kubana matumizi tu. Epoksi tupu hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko zege, na ikimiminwa nene hujipasha moto yenyewe inapokaza, hata ikapasuka. Mchanga hupunguza kasoro zote mbili, kwa hiyo kuuacha si suluhisho.

Utapatikana wapi, basi? Rundo la mchanga lililoko mtaani hudanganya macho: juu ni mweupe na mwepesi, lakini ukichimbua kwa mkono, chini yake unakuta mchanga mweusi wa baridi unaoshikana. Wa ufukweni usiuguse kabisa, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu wa hewa na kuozesha nondo zilizomo ndani ya zege. Kwa maoni yangu, njia ya uhakika zaidi ni mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa kiwandani, ule unaouzwa kwa mifuko kwa ajili ya machujio ya mabwawa ya kuogelea, ambao chembe zake huwa za karibu nusu milimita. Hata huo, ukaguliwe kama mfuko haukutoboka au kulazwa kwenye sakafu yenye unyevunyevu.

Usipopatikana, mchanga wa mto unafaa, mradi uoshwe mpaka maji yatoke safi, kwa kuwa vumbi la udongo nalo huzuia gundi kushika. Uanikwe juani juu ya bati, kwa tabaka jembamba linalogeuzwa mara kwa mara. Jua huondoa maji yanayoonekana. Yaliyobaki huondolewa kwa kuukaanga ndani ya karai juu ya jiko, nje ya nyumba, huku ukikoroga na kuvaa barakoa, maana vumbi la silika huharibu mapafu. Mvuke ukikoma kuonekana, shikilia kipande cha kioo baridi juu ya mchanga: kikifanya ukungu, maji bado yamo. Kipimo kizuri zaidi ni mizani. Pima kiasi kidogo, kikaange tena, kisha ukipime upya; uzito usiposhuka, umekauka.

Baada ya hapo uwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na uachwe upoe humohumo, kwani mchanga wa moto huiharakisha epoksi hata ikaganda kabla ya kufika kwenye shimo, na ukiachwa wazi katika hewa ya pwani kama ya Tanga au Mombasa, huanza kuvuta unyevu tena. Wakati wa kuchanganya, resini na kigumishi vikorogwe kwanza peke yao mpaka visiwe na michirizi, ndipo mchanga uongezwe kidogokidogo. Dawa nyingi za aina hii huchukua sehemu 3 hadi 5 za mchanga kwa sehemu 1 ya epoksi kwa ujazo, ila maandishi ya kwenye kopo ndiyo ya kufuata. Zege lenyewe pia lipimwe kabla: bandika kipande cha nailoni juu yake, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache usiku kucha, ukikuta matone upande wa ndani, usianze kuchanganya chochote siku hiyo.