Raisi kuka ndogo: yale tunaambiana na yale ni ukweli

Kila nikimwambia mtu anunue karaisi kuka kadogo, ile mashine ya stima ya kupika wali, ananiletea stori ya ile ya jirani, ati ilimaliza tokeni za stima, ikachoma wali, sai iko juu ya kabati na vumbi. Ukifuatilia unapata mashine haikuwa na shida, ni vile hakuna mtu aliwahi kumweleza huyo jirani inafanyaje kazi. Kwa hivyo wacha nianze hapo ju mengine yote yanatoka hapo.

Wengi wanadhani iko na saa ndani, ati inahesabu dakika. Hapana. Ile ya kawaida ya swichi moja haijui dakika, inajua joto tu. Angalia chini katikati, pale sufuria yake inakalia, utaona kitu cha duara kinabonyea kama kiko na springi, hapo ndani kuna sumaku. Maji yakiwa bado yako, chini ya sufuria haiwezi kupita sana joto ya maji kuchemka. Mchele ukishayanywa yote joto inapanda haraka, na ile sumaku ikifika joto fulani inapoteza nguvu, inaachilia, swichi inaruka kwa womu, ile ya kuweka wali ukae moto tu bila kupika. Basi. Toshiba ya Japani ilianza kuuza ya kujizima yenyewe Desemba 1955, na hata kama ilikuwa imeundwa tofauti wazo lilikuwa hili hili, maji yakiisha joto inapanda na moto unakatwa.

Sasa ile ya "inakula stima". Geuza ya lita moja uangalie chini, nyingi zimeandikwa wati 400 hivi. Wati 400 kwa nusu saa ni unit 0.2 za stima (unit moja ni wati 1,000 kwa saa moja), na hata tukihesabu unit moja ni shilingi 30, hiyo ni shilingi 6 kwa wali wa watu wawili watatu. Chenye kinakula tokeni ni womu. Chukulia inavuta wati 40, uiache kutoka asubuhi mpaka jioni, masaa kumi, hiyo ni unit 0.4, yaani mara mbili ya kupika kwenyewe! Ukishapakua, chomoa.

Halafu kuna hii ya kununua kubwa ati ndio usijute. Ukienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya stima Nairobi, utaambiwa chukua ya lita 1.8 bei haijapishana sana. Kama unaishi peke yako kwa bedsitta, nyumba ya chumba kimoja, usichukue. Kikombe kimoja cha mchele ndani ya sufuria kubwa kinakuwa kasafu kembamba, maji yanaisha kabla punje ziive, chini inakuwa ukoko na juu bado ni ngumu, alafu unalaumu mashine. Uliza pia hiyo lita ni ya nini, ni ya mchele mbichi ama ni sufuria ikijaa, ju hawaandiki kwa njia moja. Inua sufuria ya ndani uisikie uzito, ikiwa nyepesi kama kifuniko cha chai joto haitasambaa vizuri, na angalia kama ina stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Maji ndio yanakosanisha watu sana. Kile kikombe kinakuja nayo si kikombe chako cha chai, ni mililita 180, kipimo cha Kijapani, na zile namba ziko ndani ya sufuria zinahesabu na hicho kikombe. Mtu anapima mchele na kikombe kikubwa cha nyumbani alafu anaweka maji mpaka kwa laini ya 2, lazima utoke mgumu. Shika kikombe kimoja kwa vyote viwili. Kwa pishori, ule mchele wa kunukia wa Mwea, mimi naanza na kikombe kimoja cha mchele, maji kimoja na nusu, alafu narekebisha kulingana na huo mchele, ju ukiwa umechanganywa na mwingine punje hazinywi maji sawa. Osha mpaka maji yapunguze weupe, huo wanga ndio unafura povu na kumwagika kwa kifuniko.

Na Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, maji yanachemka kwa digrii 94 hivi na si 100 kama Mombasa. Shangazi yangu wa kule alikuja akapika kwa kipimo chake cha siku zote na wali ukatoka na kiini, akasema hii mashine yenu ni mbovu. Tuliongeza maji kidogo tu, tena tukaupa muda.

Huo muda ni muhimu jamani, usiruke. Swichi ikiruka si ati wali uko tayari, imesema tu maji ya chini yameisha. Funika, usifungue, hesabu dakika 10 mpaka 15 mvuke umalizie kazi, ndio ugeuze polepole na mwiko wa mbao, si kijiko cha chuma, kile kinakwaruza nonstiki. Na usikilazimishe kile kiswichi kikae chini na kijiti ati uongeze kupika, hiyo ndiyo njia ya kuiunguza.

Mwingine ananiambia yake imeharibika, akikaanga vitunguu vya pilau inaruka kwa womu. Haijaharibika! Hakuna maji hapo, joto imepanda, sumaku imeachilia kama ilivyofunzwa. Kaangia kwa sufuria kwa gesi alafu umwage ndani na supu.

Hii inayofuata naisema kwa uzito. Wali kulala kwa raisi kuka usiku kucha ikiwa imezimwa, ama stima imepotea saa nne na ikarudi asubuhi, si kiporo salama ati kwa vile ulikuwa umefunikwa. Kuna bakteria, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, wali ukibaki vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na ile ya kutapisha haiishi hata ukipasha tena mpaka utoe moshi. Umebaki? Utandaze upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja ama mbili. Hauna friji, pika kidogo, na hapo ndipo hako kadogo kanakusaidia.

Ile ndugu amekutumia kutoka ng'ambo pia sio lazima iwe bora. Ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, sisi hapa ni 240, ukichomeka moja kwa moja imeenda. Ya Uingereza haina shida, mpaka plagi ni ile ile.

Na kabla urudishe yako dukani, toa sufuria ya ndani, pangusa chini yake ikauke kabisa, alafu angalia pale kwa sumaku. Punje moja tu ya mchele ikikwama hapo sufuria haikai vizuri, na utaona wali unatoka mbichi leo, kesho umeungua.